Kisakinishi Kikikwama Kwenye Mashine Pepe: Jua Kwanza Kinangoja Nini

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine. Ukiwa na laptopu moja yenye Windows, unaweka VirtualBox, programu isiyolipiwa iliyo chini ya kampuni ya Oracle, kisha ndani yake unasakinisha Ubuntu au Debian kana kwamba umenunua kompyuta ya pili. Ukiharibu, unafuta na kuanza upya, na Windows yako haiguswi. Kwa kijana wa Hulugho, katika kaunti ya Garissa, anayejifunza kazi ya seva, kwa mwalimu wa kompyuta, au kwa karani wa rekodi za afya anayetaka kuizoea KenyaEMR, hakuna karakana ya bei nafuu kuliko hii.

KenyaEMR ni mfano unaofaa. Mfumo huo wa rekodi za wagonjwa umejengwa juu ya OpenMRS, mradi ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Marekani na wenzao wa Eldoret, na kwa kawaida husakinishwa kwenye Ubuntu. Kenya ilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023, na mtu anayejua kusakinisha mifumo ya aina hii na kuitengeneza inapoharibika ana kazi hata mbali na Garissa mjini. Mahali pa kujifunzia ni kwenye mashine pepe, si kwenye kompyuta yenye rekodi halisi za wagonjwa.

Kinachowavunja moyo wengi wanaoanza ni kisakinishi kukwama. Upau umesimama, duara linazunguka, nusu saa imepita. Mtu anazima, anaanza upya, na kinakwama palepale. Nairobi hasara yake ni muda. Hulugho, ambayo ni miongoni mwa miji ya kaskazini mashariki iliyojengewa mtambo wake wa umeme nje ya gridi ya taifa, hasara ni bando iliyoteketea, chaji iliyokwisha na pengine safari ya Masalani au Garissa kutafuta faili ya kisakinishi upya, tena kwa barabara ambazo mvua ikinyesha hazina uhakika.

Shauri la makala haya ni moja: kisakinishi kilichosimama karibu kila mara kinangoja kitu. Kinangoja mtandao, diski, memori, prosesa, au kinakungoja wewe. Ukishajua kinachongojwa, dawa huwa fupi.

Tazama kabla ya kuzima

Anza na dirisha la VirtualBox. Chini upande wa kulia kuna safu ya alama ndogo: ya diski, ya CD na ya mtandao. Alama inapomemeta, kuna kitu kinasomwa au kinaandikwa. Diski ikimemeta, hata kwa kusuasua, kazi inaendelea; ngoja.

Kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager ya Windows. Tazama nguzo tatu: prosesa, memori na diski. Iliyojaa asilimia 100 kwa dakika nyingi ndiyo mshukiwa wako wa kwanza. Ikiwa zote zimetulia na hakuna alama inayomemeta kwa dakika 20, hapo unaweza kusema kisakinishi kimekwama kwelikweli.

Hatua ya tatu ni kusikiliza kisakinishi chenyewe. Kwenye VirtualBox, shikilia Ctrl ya kulia na ubonyeze F2. Kwenye Ubuntu Server utapata skrini nyeusi ya amri. Andika:

journalctl -f

Mistari itaanza kupita. Ukisakinisha Ubuntu yenye madirisha, fungua terminali kwa Ctrl, Alt na T, uandike amri hiyohiyo. Kwenye kisakinishi cha Debian, bonyeza Ctrl ya kulia na F4, na kumbukumbu zitajionyesha zenyewe bila amri. Soma mistari ya mwisho, kwa kuwa majibu mengi yamo humo:

"Temporary failure resolving" maana yake mtandao hautafsiri majina ya tovuti.

"Out of memory: Killed process" maana yake memori imekwisha na mfumo umeua programu ili upumue.

"blocked for more than 120 seconds" maana yake kazi fulani imengoja zaidi ya dakika mbili bila kuhudumiwa. Mara nyingi diski ndiyo nzito.

"soft lockup" maana yake prosesa ya mashine pepe haikupewa zamu na kompyuta mwenyeji.

"SQUASHFS error" au "I/O error" maana yake faili ya ISO, yaani faili yenye kisakinishi, au kifaa ilichomo kina hitilafu.

Kabla ya kugusa chochote, bonyeza Ctrl ya kulia na E ili kuhifadhi picha ya skrini. Utaihitaji baadaye.

Kinangoja mtandao

Hiki ndicho kisa cha kawaida zaidi mahali ambapo intaneti inatoka kwenye simu. Wengi hudhani kwamba wakishakuwa na faili ya ISO, usakinishaji hauhitaji mtandao. Si hivyo. Ubuntu ikiona intaneti, hujaribu kuvuta masasisho na vifurushi vya lugha katikati ya kazi. Mawimbi yakidhoofika, upau unasimama.

Kwenye Ubuntu Server, mwisho wa usakinishaji kuna hatua ya kupakua masasisho ya usalama, na chini ya skrini kuna kitufe cha Cancel update and reboot. Hatua hiyo ndiyo inayoonekana kuganda kwa saa nzima, ilhali mfumo umeshasakinishwa. Bonyeza kitufe hicho bila wasiwasi. Masasisho utayachukua siku mtandao ukiwa mzuri.

Njia ya hakika zaidi ni kukata mtandao wa mashine pepe kabla ya kuanza. Ingia kwenye Settings, kisha Network, uondoe alama kwenye Cable Connected. Kisakinishi kitaona hakuna intaneti na kitaendelea na kilichomo kwenye ISO. Ukimaliza, rudisha alama.

Ikiwa mtandao unauhitaji, hakikisha Attached to imewekwa NAT. Bridged Adapter mara nyingi hugoma kwenye Wi-Fi na kwenye hotspoti ya simu. Kisha jaribu amri mbili:

ping -c 3 8.8.8.8
ping -c 3 archive.ubuntu.com

Ya kwanza ikijibu na ya pili ikikataa, intaneti ipo ila majina hayatafsiriwi. Weka 8.8.8.8 kuwa seva ya DNS ya mashine pepe. Zote zikijibu lakini apt, programu ya Ubuntu ya kuvuta na kusakinisha vifurushi, imesimama kwenye asilimia 0 ikijaribu kuunganisha na ke.archive.ubuntu.com, huenda inajaribu njia ya IPv6 ambayo mtandao wako hauipitishi. Ilazimishe itumie njia ya zamani:

sudo apt -o Acquire::ForceIPv4=true update

Usisahau Windows yenyewe. Ikiunganishwa na hotspoti huanza kujisasisha kimyakimya na kula bando ile ile unayoitegemea. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, washa Metered connection.

Mtego mwingine ni tarehe. Laptopu nyingi zinazouzwa kama mitumba zina betri ya saa iliyokufa. Kila zinapokosa umeme kabisa, tarehe hurudi nyuma miaka kadhaa, na mashine pepe huchukua saa yake kwa mwenyeji. Matokeo yake apt husema faili ya Release "is not valid yet", na vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa. Rekebisha tarehe ya Windows, uwashe mashine pepe upya.

Kinangoja diski

Diski ya mashine pepe ni faili moja kubwa ndani ya diski yako. Ukichagua ikue kidogokidogo, VirtualBox itakuonyesha GB 25 hata kama Windows imebakiwa na GB 9 tu. Nafasi halisi ikiisha, mashine pepe husimamishwa. Kabla ya kuanza, angalia nafasi iliyobaki kwenye diski C. Ubuntu ya madirisha inapendekezewa GB 25. Kwa Ubuntu Server ya mazoezi, GB 15 hutosha kuanzia.

Usiweke faili ya mashine pepe kwenye flashi. Flashi ni nzito kuandika, na nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32 ambao haupokei faili inayozidi GB 4. Kizuizi hicho huwashika pia wanaobeba ISO kutoka mjini: Ubuntu ya madirisha siku hizi inazidi GB 4, na Windows itakataa kuinakili. Badilisha kwanza flashi iwe exFAT, ukikumbuka kwamba kubadilisha huko hufuta vilivyomo.

Laptopu yenye diski ya zamani ya kuzunguka itachukua muda mrefu hata ikiwa nzima. Isaidie kwa kufunga kivinjari na kuiambia programu ya kuzuia virusi isichunguze folda ya VirtualBox VMs, kwa sababu bila hivyo kila kinachoandikwa na kisakinishi huchunguzwa upya.

Kinangoja memori

Memori ya laptopu ni kama tangi moja la maji kwa nyumba mbili. Ukimpa mgeni yote, mwenyeji atakauka na wote wawili watasimama. Kwenye Settings, kitelezi cha memori kina sehemu ya kijani na sehemu nyekundu, usivuke kijani.

Laptopu ya GB 8 inaweza kuipa mashine pepe GB 4, kiasi kinachopendekezwa kwa Ubuntu ya madirisha. Laptopu ya GB 4 isijaribu hilo. Ipe mashine pepe GB 1.5 au 2, usakinishe Ubuntu Server au Debian isiyo na madirisha. Kwa anayejifunza seva hiyo si hasara, kwa maana seva nyingi anazolenga kuzihudumia hazina madirisha.

Ukiwa ndani ya mashine pepe, amri ya free -h huonyesha memori iliyobaki, na df -h huonyesha nafasi ya diski.

Kinangoja prosesa

Prosesa za Intel na AMD zina uwezo maalumu wa kubeba mashine pepe, unaoitwa VT-x kwa Intel na AMD-V kwa AMD. Umekuwepo tangu 2005 na 2006, lakini kwenye laptopu nyingi umezimwa. Fungua Task Manager, sehemu ya Performance, uchague CPU. Ukisoma Virtualization: Disabled, umeupata ugonjwa. Washa laptopu upya na uingie kwenye BIOS: F10 kwa nyingi za HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Tafuta Virtualization Technology, au SVM kwa AMD, uiwashe na uhifadhi.

Wakati mwingine uwezo huo umewashwa lakini Windows imeukalia kupitia Hyper-V, mfumo wake wenyewe wa mashine pepe. Dalili yake ni alama ya kobe wa kijani chini ya dirisha la VirtualBox. Kobe huyo anakuambia kwamba mashine pepe inapitia mlango wa Hyper-V, na mwendo wake utakuwa wa kobe kweli. Ukifungua kumbukumbu ya VirtualBox kwa Show Log, utaona neno NEM mahali ulipotarajia VT-x.

Kumwondoa, fungua terminali ya Windows kama msimamizi, uandike:

bcdedit /set hypervisorlaunchtype off

Kisha washa laptopu upya. Kobe akiendelea kuwepo, zima Memory Integrity kwenye mipangilio ya usalama wa Windows. Tahadhari mbili. Kwanza, programu kama WSL 2 na Docker zitaacha kufanya kazi hadi urudishe kwa kuandika auto badala ya off. Memory Integrity nayo ni ulinzi, iwashe tena ukimaliza. Pili, ikiwa diski yako imefungwa kwa BitLocker, andika kando ufunguo wa kurejesha kabla ya kugusa BIOS au amri hiyo, la sivyo unaweza kufungiwa nje ya kompyuta yako.

Ipe mashine pepe prosesa 2. Ukiipa moja, visakinishi vya kisasa husuasua. Ukiipa zote, Windows hukosa ya kwake. Na usilisahau joto. Garissa hupita nyuzi 35 mwezi Februari na Machi, na prosesa ikichemka hujipunguzia mwendo yenyewe. Laptopu iliyo juu ya mkeka au godoro imezibwa matundu. Iinue juu ya meza ngumu na usakinishe jioni.

Kinakungoja wewe

Hapa ndipo watu hupoteza saa nyingi bila sababu. Kisakinishi kimeuliza swali na hakuna aliyejibu.

Kwenye Ubuntu 22.04, katikati ya apt hutokea kisanduku cha zambarau kinachouliza huduma zipi ziwashwe upya. Bonyeza Tab hadi Ok, kisha Enter. Mwisho wa usakinishaji, mfumo huomba uondoe CD na ubonyeze Enter. Ujumbe huo unaweza kujificha nyuma ya nembo, na mtu akaona skrini tuli tu. Bonyeza Enter mara moja. Mashine ikiwaka na kukurudisha kwenye kisakinishi, ISO bado imo ndani: iondoe kwenye Settings, sehemu ya Storage.

Kwenye mashine pepe yenye Windows, dirisha la kuomba ruhusa ya msimamizi hujificha nyuma ya mengine. Lisake kwa Alt na Tab. Kwa kisakinishi cha aina ya MSI kinachosimama bila neno, kiendeshe kikiwa na kumbukumbu:

msiexec /i programu.msi /l*v kumbukumbu.txt

Ukikuta namba 1618 humo, maana yake kuna usakinishaji mwingine unaoendelea. Subiri uishe.

Ubuntu nayo ina foleni yake. Ukiona "Could not get lock /var/lib/dpkg/lock-frontend", mfumo unajisasisha wenyewe chinichini na umefunga mlango. Ushauri wa kufuta faili hiyo ya kufuli umeenea, na umevunja mifumo mingi. Iache. Ngoja mfumo umalize.

OpenMRS nayo ina subira yake. Inapowaka mara ya kwanza hujenga majedwali yote ya hifadhidata, na ukurasa hubaki mtupu kwa muda mrefu. Tazama faili ya catalina.out ya Tomcat, seva inayoiendesha. Mistari mipya ikiendelea kuongezeka, mambo ni sawa.

Hakingoji kitu: kimekufa

Kuna kukwama ambako kusubiri hakusaidii. Kwanza ni faili mbovu ya ISO, jambo la kawaida upakuaji unapokatika njiani. Kabla ya kutumia ISO yoyote, ikague kwa amri hii ya Windows:

certutil -hashfile ubuntu.iso SHA256

Linganisha mfululizo wa herufi utakaoupata na ule uliochapishwa kwenye tovuti rasmi. Tofauti ya herufi moja inatosha: faili haifai. Fanya ukaguzi huu mjini ulikopakulia, kabla ya kupanda gari, kisha urudie ukishanakili kutoka kwenye flashi. Upakuaji wa torenti una faida hapa, kwani kila kipande hukaguliwa kikifika na kazi iliyokatika huendelea ilipoachia. Kwa wenye wget, chaguo la -c hufanya vivyo hivyo upande wa kuendeleza.

Pili ni skrini nyeusi mwanzoni kabisa. Hilo ni suala la michoro. Kwenye Settings, sehemu ya Display, weka VMSVGA kwa Linux au VBoxSVGA kwa Windows, ongeza memori ya video hadi MB 128, uondoe alama ya 3D Acceleration. Ikishindikana, kwenye menyu ya kwanza ya Ubuntu bonyeza e, ongeza neno nomodeset mwisho wa mstari unaoanza na linux, kisha F10.

Tatu ni usakinishaji wa kujiendesha. VirtualBox tangu toleo la 7.0 la mwaka 2022 hupenda kujaza majibu kwa niaba yako, na mara nyingine hukwama humo. Unapounda mashine mpya, hakikisha umezima Unattended Installation, uongoze kazi mwenyewe.

Umeme ukikaribia kwisha

Usingoje laptopu izimike. Funga dirisha la mashine pepe na uchague Save the machine state. Kila kitu huhifadhiwa kilivyo, na umeme ukirudi usakinishaji huendelea ulipokomea, isipokuwa upakuaji uliokuwa njiani unaoweza kuhitaji kurudiwa. Zuia pia Windows isilale kifuniko kikifungwa.

Ikiwa umeme ulikatika apt ikiwa kazini, washa mashine pepe na uandike:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Mara nyingi mfumo hurudi sawa. Ukishapata mfumo unaowaka vizuri, chukua Snapshot papo hapo, kabla ya kusakinisha MySQL, Tomcat au kitu kingine chochote. Jaribio linalofuata likiharibika, utarudi hapo kwa dakika chache bila kutumia hata MB moja ya bando.

Ukilazimika kuomba msaada

Andika mambo matano: toleo la VirtualBox, jina na toleo la mfumo unaosakinisha, memori na prosesa ulizoipa mashine pepe, memori na nafasi ya diski ya laptopu yenyewe, na mistari ya mwisho uliyoiona kwa journalctl. Ambatisha ile picha ya skrini. Fundi aliye Garissa au Nairobi akipata hayo anaweza kukujibu kwa ujumbe mmoja wa simu. Ukimwambia tu kwamba imekwama, atakujibu usakinishe upya, na bando itakayoteketea ni yako.